Fimbo Niliyoiokota kwa Heshima

Mama yangu,

Shikamoo. Najua kabla Kaka Shomari hajafika kwenye nukta umeshaitikia marahaba, tena kwa sauti ya kumfikia jirani, na mimi huku nimeipokea. Goti linasemaje? Bado linatabiri mvua kabla ya redio? Na mikorosho, umepata mtu wa kukupalilia au umeinama mwenyewe na jembe baada ya mimi kukukataza mara tatu? Jibu ukweli, maana ukinificha Kaka atanieleza.

Mimi sijambo kabisa. Nimenenepa. Baridi ya huku inamtaka mtu ale, na mimi sijawahi kugombana na chakula. Kazi ya jikoni kwenye nyumba ya kutunzia wazee inaendelea. Kutwa namenya viazi na kukoroga uji ambao wenyewe wanauita supu. Swala zangu sijaziacha. Hayo ni ya kukutoa wasiwasi. Sasa kaa vizuri, nyoosha mguu, kwa sababu leo nina habari ya kujisifu na sitajizuia.

Na wewe Kaka, pole na zamu za kiwandani Zegereni, na pole kwa kutoka Picha ya Ndege mpaka Kisarawe kwa ajili ya kusoma barua ya mdogo wako. Nimeandika kwa herufi kubwa usije ukasingizia macho. Kuna mahali huko katikati utatamani kuruka mistari. Usiruke. Kurasa nimezitia namba, na Mama anajua kuhesabu.

Mama, ulisema kwenye ule ujumbe wa sauti kwamba siku ya fainali mlikatwa utamu mdomoni: bando liliisha timu zikiwa sare, na Kaka akabaki anaitikisa simu kama chupa ya dawa. Ukasema nikuandikie yote tangu mwanzo, kwenye karatasi, kwa sababu maneno ya simu hayakai. Haya, nayaandika.

Wengi hapo nyumbani wanadhani ninatangaza mpira wa miguu. Mchezo wangu unaitwa lakrosi. Chukua fimbo ndefu, ncha yake uikunje kama jicho la kata, ndani ya jicho usuke wavu wa ngozi. Mpira ni mdogo, unaenea kiganjani, lakini mgumu. Ukikupata shavuni utamkumbuka aliyekuzaa. Mtu anaudaka kwa wavu, anakimbia nao, wapinzani wamemkamia kwa fimbo na mabega, naye anautupia golini kwa kasi ambayo jicho halifuati. Huku kwetu wanacheza ndani ya jengo, uwanja umezungushiwa mbao, watano wakimbiaji na kipa kila upande. Hakuna kupumua. Mtangazaji akimeza mate tu, bao limeingia.

Mara ya kwanza niliingia pale kutafuta joto, nikuambie ukweli. Ilikuwa Jumamosi, kiingilio bure, na nje theluji ilikuwa inafika magotini. Nikakaa mbele kabisa kama mshamba. Mpira ukapiga kioo mbele ya pua yangu, nikapiga ukelele wa uwanja wa shule ya kwetu, na baada ya hapo mdomo haukufunga. Nilitangaza mchezo mzima kwa Kiswahili kama nilivyokuwa nikitangaza kombe la mbuzi hapo Kisarawe na kile kipaza sauti cha kuazima msikitini. Watu wakageuka kunitazama badala ya kutazama mchezo. Bwana Greg, msimamizi wa uwanja, alikuja mwenyewe kuuliza mimi ni nani. Mwezi uliofuata mtangazaji wao aliugua koo, na Greg akanipa maiki kwa majaribio. Sijaiachia tangu siku hiyo, isipokuwa mara moja, na hiyo mara moja ndiyo barua hii.

Sikuupenda kwa ajili ya kasi tu, Mama. Niliupenda nilipojua wenyewe ni nani. Mchezo huu ni wa watu wa asili wa nchi hii, waliokuwepo kabla meli za Wazungu hazijafika. Timu ya ng'ambo ya mto wetu ni ya Wamohawk, na kwao lakrosi ni mchezo wa Muumba, mchezo wa tiba. Mtu akiugua, jamii ikiingia katika huzuni, wanaume hutoka na fimbo za mti wakacheza ili mgonjwa apate nguvu. Mtoto wa kiume hupewa kifimbo chake akiwa mchanga, na mzee akifa huzikwa na fimbo yake. Najua umeshasema astaghafirullahi. Mimi nakueleza ya watu, sijabadili dini. Na ujue pia kwamba Wazungu waliupenda mchezo, wakauchukua, wakauandikia sheria, halafu wakawafungia wenyewe nje ya mashindano. Ni kama mtu aazime mwiko wako halafu akukataze kupika. Wao hawakuacha. Waliendelea kucheza kwao, na leo mabingwa wengi wanatoka kwao. Siku niliposikia hivyo niliapa kwamba kwenye maiki yangu jina la mtoto wao halitatamkwa hovyo.

Basi, sikia kilichonipata.

Kuna mzee anaitwa Orville, fundi wa fimbo za mti. Vijana wengi sasa wanatumia za plastiki na chuma chepesi, lakini mjukuu wake Cody, mfungaji wao mkubwa, anacheza na fimbo aliyochongewa na babu yake. Mti wenyewe hupasuliwa, hukunjwa kwa mvuke, huanikwa miezi na miezi, kisha ndipo huchongwa. Jumamosi moja, wiki moja kabla ya nusu fainali, niliteremka kwenye ujia wa vyumba vya wachezaji kuchukua orodha ya majina. Mzee Orville alikuwa amekaa kwenye benchi, fimbo imeegemea ukuta kando yake. Ikateleza, ikaanguka chini.

Mama, ungekuwa wewe ungefanyaje? Mzee anaanza kuinama, kiuno kinamkatalia, na mtoto wa watu umesimama hapo na mikono yako? Ulinifundisha mwenyewe: mkongojo wa mzee ukianguka, mtoto hasubiri kuambiwa. Nikaruka. Nikaiokota kwa mikono miwili, nikapiga goti nusu, nikamnyooshea nikisema, "Karibu, mzee wangu."

Hakuipokea.

Mikono yake ilibaki juu ya magoti. Cody alikuwa mlangoni, uso umemshuka. Akatokea Marlene, dada wa kwao anayeuza supu ya mahindi pale mlangoni pa uwanja, akanishika kiwiko na kuniambia polepole, "Iweke chini, Zaituni. Hapo hapo. Taratibu." Nikaiweka. Hata sikujua kosa langu ni nini.

Alinieleza tulipotoka nje. Fimbo ya mti, mwanamke haigusi. Haigusi hata kwa bahati mbaya, hata mama yake mchezaji. "Usidhani wanatuona wachafu," Marlene aliniambia. "Sisi tuna nguvu yetu, na ile ina nguvu yake. Hazichanganywi." Wasichana wao wanaocheza wanatumia za plastiki, na hata hilo kuna familia zinalikubali na zingine hazitaki kulisikia. Cody sasa hawezi kuishika fimbo ile, na nusu fainali ni wiki ijayo. Nilikaa kwenye ngazi za nje na baridi yote ile nikalia. Mimi, niliyejiona nawajua!

Greg akaja kunitafuta. Akasema nisijisumbue na mambo ya wazee, sheria za ligi hazina kifungu cha nani ashike fimbo, nipande juu nikatangaze. Nikamwambia maiki ninaiweka chini mpaka wenye mchezo wao waniambie niishike. Akanitazama kama mtu aliyekataa mshahara. "Ukikosa nusu fainali," akasema, "fainali nitampa mwingine, na msimu ujao hivyo hivyo. Siwezi kuwa na mtangazaji wa kususa." Nikamwambia sisusi. Lakini kiti nilikiacha.

Usifikiri nilikuwa jasiri. Nilirudi chumbani nikajitukana usiku ule mpaka usingizi ukanichukua. Kutangaza ndicho kitu pekee huku kinachonifanya nijione mtu mzima na si mikono ya kumenya viazi. Siku sita za wiki hakuna anayelijua jina langu. Jumamosi mji mzima unanisikiliza. Na nilikuwa nimekiweka chini kwa mkono wangu mwenyewe.

Nusu fainali niliitazama nikiwa nimekaa na watazamaji. Mtangazaji aliyewekwa alikuwa kijana wa mjini mwenye sauti nzuri na uvivu mwingi. Majina yao yalimshinda kwa dakika tano, akaanza kuwaita kwa namba: namba tisa, namba kumi na nne, kama mizigo bandarini. Cody alicheza na fimbo ya plastiki ya kuazima, mipira inamponyoka, anakosa magoli ya wazi. Walishinda kwa bao moja, na hilo ni kwa sababu kipa wao siku ile alikuwa ukuta. Nyuma yangu mama mmoja akasema, "Ni yule mwanamke wa maiki." Nikavuta kofia mpaka kwenye nyusi.

Sasa Kaka Shomari, tumefika. Vuta pumzi, soma kama ilivyo.

Nilikuwa nimelala kitandani natafuta njia ya kuomba radhi, ndipo nikakumbuka mwaka ule dada yetu Mwajuma alipokuwa ndani, mwali. Kaka alikuwa na miaka sita, mimi minne. Makungwi wametoka kidogo, huyu bwana akapenya kwenye nyumba ya mwali ambako mwanaume hakanyagi, akamkuta yule mwana wa mti, mwana hiti, amelazwa vizuri amepakwa mafuta. Akadhani ni mwanasesere. Akamchukua, akatoka naye nje, akamkalisha kwenye gari lake la mabati na kumzungusha uani, huku anapiga honi kwa mdomo! Vile vigelegele vilivyogeuka mayowe sitavisahau. Na wewe Mama hukusema "ni mtoto huyo, hajui." Ulimshika mkono, ukabeba kuku jike, ukamtafuta mama mtu mzima wa kuwasemea, mkaenda kupiga magoti mbele ya makungwi. Nyimbo alizoimbiwa Kaka siku ile ningeziandika, lakini atachana karatasi.

Basi nikajua la kufanya. Radhi haiombwi kwa simu, haiombwi peke yako, wala haiombwi mikono mitupu. Kuku ningempata wapi? Nilikuwa na pakiti moja imebaki ya zile korosho zako ulizonipa nilipokuwa naondoka, nilikuwa nazila mbilimbili kama dawa. Nikaichukua yote. Msemaji nikamwomba Marlene. Alicheka kwanza, akauliza kwa nini nisiende tu mwenyewe nikazungumza. Nikamwambia kwetu mwenye kosa hajisemei, husemewa. Akasema, "Basi na mimi nitavaa sketi yangu ya heshima."

Tulikwenda ng'ambo kwa Bibi Louise, mama mkuu wa ukoo wake Cody. Kwao, Mama, kama kwetu Wazaramo tangu zamani, ukoo hufuata kwa mama. Kina mama wakuu ndio wanaowapa watoto majina, na ndio wanaoweka wakubwa na kuwaondoa. Nilitegemea kumkuta kwenye kiti cha kifalme. Nilimkuta jikoni, mikono imejaa unga, redio inaongea, mjukuu mchanga amelala kwenye kapu la nguo.

Marlene akanisemea kwa lugha yao, taratibu, muda mrefu. Mimi nimepiga goti sakafuni na korosho zangu mkononi. Alipomaliza, Bibi Louise akaniuliza kwa Kiingereza, "Umekuja kuomba maiki yako?"

"Hapana, Bibi. Nimekuja kuomba radhi. Maiki ni jambo jingine."

Nilisema hivyo na moyo unaitaka maiki mpaka unauma. Mungu anisamehe.

"Greg alinipigia simu," akasema. "Anasema ulikataa kukaa kwenye kiti mpaka sisi tuseme. Anakuita mkaidi. Nikataka nimwone huyo mkaidi." Akavuta kiti kwa mguu. "Inuka, ukae. Goti lako ni changa lakini sakafu yangu ni ya baridi. Kwenu hakuna vitu ambavyo mtu fulani havigusi?"

Nikamwambia vipo. Ya ndani sikuyasema, Mama, usiwe na hofu. Nimechezwa unyago na mimi na ninajua mpaka wa maneno. Nilisema tu kwamba kipo kitu cha mti, cha wanawake, mwanaume hakigusi, na kaka yangu alikigusa. Nikamwambia habari ya gari la mabati. Nikamwigizia na honi.

Kaka, yule bibi alicheka mpaka akaegemea meza. Marlene akacheka, mtoto kwenye kapu akaamka akaanza kulia, wakaendelea kucheka huku wanambembeleza. "Alilipa nini?" Bibi Louise aliuliza akijifuta machozi na unga umembaki shavuni.

"Kuku jike."

"Mdogo au mkubwa?"

"Mwenye kutaga."

"Mama yako ni mtu mwenye akili," akasema. Nakuandikia kama alivyosema.

Halafu akaacha kucheka. Akafungua pakiti, akatafuna korosho moja kwa utulivu, akampa Marlene moja. Akasema fimbo ina wenyewe wa kuishughulikia, hayo ni ya Orville na wanaume, nisiulize. Lakini mimi nitalipa kuku wangu kwa mikono: wana karamu ya jamii wiki ile, mahindi ni mengi, na waoshaji wachache. "Uje kesho alasiri ukitoka kazini, na kesho kutwa, mpaka yaishe."

Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Mimi nilipewa jembe siku ile ile. Mahindi yao meupe huchemshwa na majivu, kisha huwekwa kwenye kapu maalumu na kusuguliwa katika maji baridi mpaka ganda litoke. Walidhani nitashangaa. Mtu aliyekulia kwenye kinu na ungo atashangaa nini? Siku ya kwanza walinitazama. Siku ya pili wakaniachia kapu kubwa. Siku ya tatu mmoja akaniambia nina mkono, akaniuliza nimeupata wapi, nikasema kwa mama yangu, kwani unafikiri kwa nani?

Huku tukiosha, niliwaomba wanifundishe majina ya vijana wote, yale waliyopewa na mama zao wakuu, si yale ya kwenye vitambulisho. Ni marefu, Mama, na yana sauti za kooni ambazo herufi zetu hazizibebi, ndiyo maana hapa siyaandiki. La Cody maana yake kwa Kiswahili ingekuwa kama Anayewavusha Mto. Nikikosea, mama mmoja ananirushia punje ya mahindi. Nilitoka pale nimejaa punje kichwani. Siku ya tano nikayataja yote kumi na manane mfululizo bila kurushiwa hata moja, na kina mama wakaacha kuosha, wakanisikiliza. Mmoja akasema, "Rudia la mwanangu." Nikarudia. Akainamisha kichwa kwenye kapu lake.

Asubuhi ya fainali nilikuwa naosha sufuria kazini, simu ikalia. Greg. Alisema ofisini kwake wamekaa wanawake wanne wazee, hawataki kahawa, hawataki kuondoka, na wanasema mchezo hautaanza mpaka mtangazaji wao awe kwenye kiti. "Njoo," akasema, "kabla hawajapika humu ndani." Nilimwachia mwenzangu sufuria, nikakimbia na aproni.

Ilikuwa saa saba mchana kwetu, kwenu mmeshasali Isha. Jengo limejaa mpaka ngazini. Nikashika maiki, ikawa nzito kuliko siku zote. Nikaanza kuwaita mmoja mmoja, kwa majina waliyopewa na mama zao, polepole, kila sauti mahali pake. Kwa jina la kwanza watu walishtuka. La pili, wakaanza kusimama. Nilipofika kwa Anayewavusha Mto, Cody akatoka mlangoni anakimbia, na mkononi ana fimbo ya mti ya babu yake.

Sikuuliza ilirudije. Niliambiwa nisiulize.

Mliyosikia mliyasikia. Wale wapinzani kutoka mji wa jirani hawakuja kucheza, walikuja kuvunja mbao. Tukafungwa matatu kabla hatujajikuna. Mpaka kipindi cha pili kinaisha tulikuwa nyuma kwa mabao matatu bado, na Greg ananiletea maji maana sauti imeanza kukauka. Kipindi cha tatu Cody akafunga, akafunga tena, kipa wetu akaokoa mpira kwa shingo, naapa kwa shingo, na kijana mdogo wa ukoo wa Kobe akasawazisha huku amelipa goli mgongo. Kumi kwa kumi. Hapo ndipo bando lenu lilipokufa, na Kaka anasema ulimchapa na ncha ya khanga. Asiyekuwepo na lake halipo, lakini mimi nakurudishia lako.

Zimebaki sekunde ishirini na kidogo. Mpira unagonga mbao, unaruka, watatu wanaugombania pembeni. Cody anauchomoa kati ya miguu yao. Mmoja anamkumba, anayumba, haanguki. Wa pili anampiga fimbo mkononi, namwona anakunja uso, haachii. Anakata kulia, kipa wao anamfuata kulia, naye anageuza kiwiko anautupa nyuma ya bega lake mwenyewe, bila kutazama, kama mtu anayetupa maganda ya chungwa. Wavu ukatikisika. Mama, nililitaja jina lake lote, alilopewa na mama zake, kwa pumzi moja, halafu Kiingereza kikanikimbia nikapiga, "Limeingiaaa! Limeingia jamani, mbuzi wetu!" Mbuzi! Kwenye fainali ya watu! Hakuna aliyeelewa na wote walinielewa. Jengo lilipasuka.

Kaka ulisema siku ninaondoka kwamba jogoo la shamba haliwiki mjini. Sawa kabisa. Jogoo halikuwika. Tetea ndiye amewika.

Basi wasalimie wote. Msalimie Mama Mdogo Tatu na umwambie dawa yake ya kikohozi imenitengenezea koo la fainali. Dada Mwajuma na watoto wake. Wifi yangu wa Picha ya Ndege, mke wa Kaka, mwambie mume wake akirudi leo amenuna asimuulize, amwombe tu amwigizie honi. Mwalimu wangu wa darasa la sita aliyenipa maiki mara ya kwanza nisome risala. Na Mzee wa msikitini mwenye kile kipaza sauti, mwambie ule mkwaruzo kwenye kitufe ni wangu, naomba radhi.

Kaka, usikunje karatasi bado. Kuna ukurasa mmoja.

Kombe lilipokwisha kutolewa, watu walikuwa bado wanaimba, na mimi najikusanyia makaratasi yangu kule juu. Nikasikia mtu anapanda ngazi pole pole, anapumzika, anapanda. Bibi Louise. Hajawahi kupanda kule. Akaniambia, "Nipe hiyo," akachukua maiki mkononi mwangu. Akaniuliza jina lako, Mama. Nikamwambia. Akaniuliza la mama yako. Nikamwambia. Akayarudia kimya kimya kwa midomo, kama mimi nilivyokuwa nikirudia ya wanawe juu ya lile kapu.

Kisha akaongea, na jengo likatulia. Alisema, "Leo mmesikia watoto wetu wakiitwa kama mama zao walivyowaita. Aliyewaita ana mama pia." Akaniashiria kwa kidole nisimame. "Huyu ni Zaituni, binti wa Mwanahamisi, binti wa Chausiku, wa Kisarawe."

Wanaume chini wakaanza kugonga fimbo zao kwenye mbao za uwanja, zote kwa pamoja, za mti na za plastiki. Mzee Orville alikuwa amesimama kando ya benchi la timu, kofia mkononi, anatazama juu kwangu. Mimi, mwanao mwenye mdomo, nilisimama pale nimekumbatia makaratasi yangu.

Vipaza sauti vya jengo lile nazijua nguvu zake, Mama. Vinafika mpaka nje kwenye maegesho, kwenye theluji, mpaka kwenye daraja. Jina lako limetangazwa huku, na jina la Bibi Chausiku limetangazwa, na limetamkwa sawasawa.

Wako anayekupenda,
Zaituni